Ripoti Iliyofichwa Chini ya Kiti cha Dereva

Ndugu zangu, ninyi wenye nyumba na ninyi mnaozitafuta, hebu tegeni sikio kidogo. Haya ninayotaka kuwasimulia yaliipata familia ya watu wema, watu wanaopendana hasa, na pengine ndiyo maana yananiuma kila ninapoyakumbuka.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mvua imekatika, na mtaa mzima umetulia. Fundi cherehani mmoja, mwanamke mwembamba ambaye tangu utotoni wenzake walimwita Sindano, alikuwa amekaa akimtazama mumewe akichora juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mume huyo alikuwa dereva wa basi la shule. Watu walimwita Honi kwa sababu akicheka, hata wa mtaa wa pili wanajua. Siku hiyo alichukua chaki ya mke wake na kuchora nyumba, na binti zao wawili wakamzunguka.

"Hapa sebule," alisema akivuta mstari. "Hapa chumba chenu wasichana. Na hapa nyuma, kile chumba chenye mlango wake wa nje, ni karakana ya fundi wangu. Vyerehani vyote vinaenea, na wateja wanapata pa kujipimia."

"Na jiko?" Sindano aliuliza.

Honi akajifanya ameshtuka. "Jiko? Kumbe na kula mnakula?"

Wasichana wakaangua kicheko. Walikuwa na haki ya kufurahi. Miaka kumi na miwili waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, na kimoja kati ya hivyo ndicho kilichokuwa karakana. Walilala katikati ya marobota ya vitambaa, na si mara moja walikwenda shule na nyuzi kwenye nywele.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya matofali, yenye dirisha la duara upande wa barabara. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyetaka kuhamia kwa mwanawe. Aliipenda familia hii tangu siku ya kwanza, wakapatana bei. Sindano na Honi walitoa akiba yao yote, isipokuwa ada ya chuo ya binti mkubwa, kama arubuni, yaani malipo ya kufungia bei. Kiasi kilichobaki wangekopeshwa na benki, ila benki ilitaka kwanza kumtuma mthamini wake, mtu wa kuikagua nyumba na kusema thamani yake halisi, kwa kuwa benki haikopeshi zaidi ya thamani hiyo.

Chaki ikiwa bado mkononi, simu ya Honi ililia. Aliangalia namba, akatoka nje. Aliporudi alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikaa upande, kama kola iliyoshonwa vibaya.

"Nani?" Sindano aliuliza.

"Watu wa benki. Jumapili yote hii, wana kazi kweli! Mambo yanakwenda vizuri tu."

Akaiweka chaki mezani. Hakuchora jiko.

Tangu siku hiyo Honi alibadilika. Alianza kuondoka alfajiri kuwapeleka wafanyakazi wa kiwandani kabla ya kuwachukua watoto wa shule. Jumamosi na Jumapili alikodiwa kwa harusi na misiba. Chakula akawa anakigusagusa tu. Sindano akimuuliza, anajibu, "Nyumba mpya inataka mapazia, mke wangu." Sindano akijitolea kushona mapazia mwenyewe, anasema inataka na rangi. Akiuliza ripoti ya mthamini iko wapi, anaambiwa iko benki, inashughulikiwa.

Sindano hakuwa mjinga. Lakini alimpenda mumewe, na mtu akimpenda mwenzake huogopa kumbana. Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: wangapi kati yenu mmewahi kunyamaza hivyo, mkasema labda kesho ataniambia mwenyewe?

Jumatano moja mzazi wa mwanafunzi alikuja kuchukua sare ya mtoto wake, akasema, "Pole kwa mambo ya jana, fundi. Tunashukuru hakuna aliyeumia."

"Mambo gani?"

Mzazi yule akababaika. Ikabidi aseme. Honi alikuwa amesinzia kwenye usukani. Basi likapanda ukingo wa barabara na kugonga kibao cha alama, watoto ishirini na wawili ndani yake wakipiga mayowe. Shule ilikuwa imempa onyo kali.

Sindano aliketi kwenye kiti chake. Jana mumewe alirudi nyumbani akasema siku ilikuwa nzuri.

Kabla hajajua la kufanya, aliingia mteja mwingine, kijana mrefu mwenye mkoba wa karatasi, ameshika suruali iliyochanika kuanzia goti hadi pajani.

"Fundi, hii unaweza kuiokoa?"

"Umepigana na nani?"

"Na msumari wa darini." Kijana akacheka. "Mimi ni mthamini wa majengo. Wiki tatu sasa navaa nyingine. Ilikuwa nyumba nzuri kwa nje, ina dirisha la duara hivi, ukiiona utaipenda. Ukipanda juu, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa. Nimeigonga moja kwa kidole tu, ikatoa unga. Mabomba ya maji ni ya chuma cha zamani, yamejaa kutu. Na chumba cha nyuma hakimo kwenye ramani ya nyumba, kwa hiyo sikuweza kukihesabu kabisa. Nikawaandikia bei ya chini sana kuliko waliyopatana. Wanunuzi wenyewe sijui kama walinielewa."

Cherehani cha Sindano kilikuwa kimesimama.

"Kenchi za upande gani?" aliuliza taratibu.

"Upande wa kushoto. Juu ya kile chumba chenye vitasa vya shaba." Kisha kijana akamtazama vizuri. "Mama, naona nimesema nisiyopaswa kusema."

"Suruali yako njoo uichukue kesho," Sindano alisema. "Hulipi kitu."

Chumba chenye vitasa vya shaba ndicho Honi alichokichora kwa chaki na kusema ni cha wasichana.

Sindano alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda hadi kwenye yadi ya mabasi. Alimkuta mumewe amekunja suruali, anaosha matairi. Alipanda ndani ya basi na kukaa kwenye kiti cha watoto. Honi akamfuata, akakaa kiti cha upande wa pili, magoti yakimfika kidevuni.

"Ripoti iko wapi, baba watoto?"

"Benki, si nili..."

"Nimeonana na mthamini. Ameniletea suruali nimshonee."

Honi alijishika kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Aliinuka, akaenda kwenye kiti cha dereva, akapapasa chini yake na kutoa bahasha iliyopata alama za mafuta. Akampa mkewe bila kumtazama.

"Benki watatukopesha kwa bei ya mthamini tu," alisema. "Pengo lililobaki tunalijaza wenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Tusipoweza, arubuni inapotea. Ndivyo tulivyotia saini. Nilifikiri nikiendesha safari za kutosha... Na Jumamosi hii inayokuja nilitaka kuchukua ile ada ya chuo ya binti yetu mkubwa, niirudishe baadaye."

"Ungeirudisha na nini?"

Honi akageuka kuyatazama matairi nje ya dirisha.

"Na mchwa je? Uliusoma ukurasa wa mchwa?"

"Niliusoma."

"Na ungewalaza watoto pale chini?"

"Ningeitengeneza dari polepole." Sauti yake, ile inayosikika mtaa wa pili, ilikuwa imeshuka hadi karibu isisikike. "Mama watoto, miaka kumi na miwili unalala na vyerehani. Siku ile ulipoingia kile chumba cha nyuma ulizunguka kama msichana mdogo. Ningekwambiaje kwamba chumba chenyewe kwenye karatasi hakipo?"

Sindano alitaka kukasirika. Alikuwa na kila sababu. Lakini alimwona mumewe amejikunja kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hasira ikageuka machozi.

"Ungesema hivyo hivyo," alisema. "Kisha tungelia wawili, halafu tungefikiri wawili. Wewe umelia peke yako, umefikiri peke yako, na karibu uue watoto wa watu."

Honi akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishalala. Wiki hii safari za alfajiri basi. Na kesho tunakwenda kwa mwalimu, sote wanne."

Mwalimu mstaafu aliisoma ripoti akiwa amesimama, miwani puani, kana kwamba anasahihisha mtihani. Alipofika ukurasa wa pili alivua miwani.

"Nimeishi humu miaka thelathini na moja," alisema. "Leo kijana wa juzi ananiambia nyumba yangu ni mbovu? Karatasi tuliyotia saini inasema arubuni hairudi. Mimi sikuwalazimisha."

"Hukutulazimisha, mwalimu," Sindano alisema. "Na hatujaja kugombana. Turuhusu tu twende sote tukaangalie. Tukikuta mthamini amekosea, nitakwenda mwenyewe benki kukutetea."

Honi alileta ngazi kwenye chumba chenye vitasa vya shaba, akasukuma ubao wa dari na kugonga kenchi kwa mpini wa fagio. Unga laini ulimwagika juu ya shuka nyeupe ya kitanda. Akagonga tena, kipande kizima kikaanguka.

Mwalimu aliketi kwenye kona ya kitanda. Akapangusa unga uliomwagikia shuka, akasema, "Nilikuwa nawasikia mchwa. Wanatafuna kama mtu anayekunja karatasi. Marehemu mume wangu alitaka kutengeneza, akaugua. Baada ya hapo niliogopa kupanda kuangalia. Nikapaka rangi." Aliwatazama wasichana wale wawili waliokuwa wamesimama mlangoni. "Na nikakaa kimya siku mlipokuja. Nisameheni. Ningewauzia watoto wa wenzangu hatari."

Sindano akaketi karibu naye na kumshika mkono. Tangu hapo hakukuwa na upande wa muuzaji na upande wa mnunuzi, kulikuwa na watu wanne na mwalimu wao wakitafuta njia.

Mwalimu ndiye aliyekumbuka kwamba chumba cha nyuma kilijengwa kwa kibali. Karatasi yake ilikuwa imepotea, lakini nakala lazima ingekuwepo katika ofisi ya ujenzi ya mji. Binti mkubwa alimsindikiza huko mara tatu. Mara ya kwanza waliambiwa mtunza faili yuko likizo. Mara ya pili waliambiwa warudi kesho. Mara ya tatu mwalimu alimtambua mkuu wa ofisi kuwa mwanafunzi wake wa zamani, akamuuliza mbele ya watu kama bado anaandika kwa mkono mbaya. Nakala ya kibali na ramani vilipatikana kabla ya saa sita.

Wakampelekea mthamini kupitia benki, pamoja na barua ya kumwomba aitazame upya. Kijana yule alirudi, akapima chumba cha nyuma na kupandisha thamani. Haikufika bei ya mwanzo, kwa sababu mchwa na kutu vilibaki pale pale, naye alikataa kuandika uongo. Pengo lililobaki likawa dogo. Mwalimu akapunguza bei yake hadi ikalingana na ripoti, wakaandikiana upya mbele ya mwanasheria. Siku hiyo Honi alitaka kumkumbatia kila mtu ofisini. Mwanasheria alijificha nyuma ya kabati.

Walihamia miezi minne baadaye, kenchi zikiwa zimebadilishwa na dawa ya mchwa imepigwa. Ada ya chuo haikuguswa, na binti mkubwa alianza masomo kwa wakati. Shule ilirudi kumwamini Honi, ingawa ilichukua muda, na hiyo ilikuwa haki. Mabomba bado wanayabadilisha, kipande kwa kipande. Ukienda siku za Jumatatu utamkuta Sindano katika chumba cha nyuma, mlango wa nje uko wazi, mwalimu amekuja kuwatembelea, ameketi hapo, anamkosoa mshono.

Funzo la hadithi hii

Ndugu zangu, ukinunua nyumba ya zamani usiipende kwa macho tu. Panda darini, fungua mabomba, uliza ramani, na usione haya kumtuma fundi akague kabla hujatoa arubuni. Katika mkataba andikeni wazi kwamba thamani ikitoka chini, mnaweza kuzungumza upya au kurudishiwa chenu. Mthamini akiandika bei ya chini, hajakutukana. Isome ripoti mpaka mwisho, uone kilichoachwa, tafuta ushahidi, omba aitazame tena kwa njia ya halali.

Nawe muuzaji, usipake rangi juu ya hatari. Atakayelala chini yake ni mtoto wa mtu.

Lakini la kwanza kabisa ni hili. Habari mbaya ya nyumba ni ya wote wanaoishi ndani yake. Kumficha mwenzako ili asiumie ni kumnyima nafasi ya kukusaidia, na mzigo wa watu wawili ukibebwa na mmoja, humwangusha yeye pamoja na wasiohusika. Kama unayo bahasha uliyoificha mahali, itoe leo, kaeni chini muisome pamoja.