Jina la Tunu Mnadani

Maiti ilikuwa chali kati ya meza na kabati, jicho moja wazi. Inspekta alichutama. Jeraha lilikuwa kisogoni, na damu imeganda kwenye pembe ya meza.

"Hakupigwa," alisema daktari wa polisi. "Alisukumwa, akaanguka. Ona hapa."

Kifuani mwa shati jeupe kulikuwa na alama za viganja viwili, za kahawia, zenye kunata. Inspekta alinusa. Vanishi.

Marehemu alikuwa mtaalamu wa matangazo ya mtandaoni. Kompyuta yake ilikuwa bado inawaka, na kwenye skrini kuna maneno matatu: Vitanda vya Tunu.

"Huyu ni mteja wenu?" Inspekta alimuuliza katibu muhtasi, ambaye ndiye aliyeikuta maiti aliporudi kutoka kula.

"Hapana, afande. Mteja wetu ni kiwanda cha samani. Tunamnunulia majina ya washindani wake."

"Jina linanunuliwaje?"

"Kwa mnada. Mtu akiandika 'Vitanda vya Tunu' kutafuta, tangazo la aliyetoa dau kubwa linatokea juu kabisa. Mwenye jina anabaki chini."

"Na Tunu ni nani?"

Katibu aliinamisha kichwa. "Mke wa bosi huyu. Alifariki mwaka juzi akijifungua. Vitanda vya Tunu ni karakana ya baba yake, seremala."

Inspekta alimkuta mzee seremala amekaa juu ya kitanda ambacho hakijakamilika, viganja vimejaa vanishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja. Mkwe wangu anaendeleaje?"

"Amefariki."

Mzee alivifuta viganja kwenye magoti.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia.

"Ninyamaze ili iweje?"

"Alikuharibia biashara?"

"Wateja waende wanakotaka. Kwenye tovuti yetu kuna picha ya mwanangu, amekaa kitandani anacheka. Mambo ya simu alinifundisha yeye mwenyewe: 'Andika jina langu, baba, utaniona.' Basi nikimkumbuka, naandika. Siku hizi nikiandika, yananijia makochi ya watu."

"Ukaenda kumwona mkweo."

"Nilikwenda kumwomba. Nikamwambia, nunua maneno yote ya dunia, hili niachie. Akasema, 'Baba, hilo ni neno tu. Nisipolinunua mimi, atalinunua mwingine.'" Akaupiga ubao wa kitanda kwa kiganja. "Neno tu! Mimi ndiye niliyemwita hivyo, hata kitovu hakijakatwa. Nikamsukuma. Nilitaka anyamaze, basi. Nikatoka bila kugeuka."

Inspekta alitoa pingu, akazirudisha mfukoni. Akamshika mzee mkono, akamsimamisha.

"Kabla hatujaondoka. Mtoto aliyeachwa na Tunu, nani anamlea?"

"Baba yake," mzee alijibu upesi.

Kisha akasikia alichokisema. Akaketi tena palepale, na Inspekta akaketi kando yake kumngoja amalize kulia.