Mkwe Aliyeegesha Migombani

— Usiniite mkwe. Mkwe hubisha hodi mlangoni, haingii na gari migombani.

Mzee Apolinary alisema hayo akiwa katikati ya migomba yake mitatu iliyolala chini. Wa nne ulikuwa umeizuia Pijo, gari la kijiji cha ujamaa. Datius, dereva wa gari hilo na ndiye mposaji, alishuka na suti ya posa imejaa majani makavu. Mshenga alibaki ndani, bado ameng'ang'ania dashibodi.

— Tata, pedali ya breki imekuwa ngumu kama jiwe. Nimekanyaga kwa miguu yote miwili.

— Gari limekushinda, mke utamweza? Posa imekwisha. Rudini Bukoba.

Jovita, binti wa mzee aliyekuwa akiposwa, alifundisha sayansi katika shule ya Muleba. Hakuwa mtu wa kulia kabla ya kujua sababu.

— Datius, ilianza lini?

— Jumapili, nilipotoka hapa kwenu.

— Zima injini. Kanyaga breki mpaka ikaze, usiondoe mguu. Sasa washa. Pedali imezama?

— Haijatikisika.

— Ingezama kidogo kama kila kitu kingekuwa kizima. Sevo, kile kisaidizi cha breki, haisaidii mguu wako. Fungua boneti.

— Umejifunza wapi haya? mshenga akauliza dirishani.

— Mwaka mzima ananichumbia kwa kunieleza gari. Nilingoja anisifie macho, akanieleza jinsi injini inavyovuta hewa kwenye sevo.

Chini ya boneti, mpira wa kuvutia hewa haukuwapo. Tundu la upande wa injini lilikuwa limezibwa kwa gunzi lililochongwa vizuri na kuzungushiwa jani la mgomba.

Jovita aliitambua kazi hiyo: baba yake huziba vibuyu vyake vivyo hivyo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha baba yake cha rubisi, pombe ya ndizi. Mdomoni mwa kibuyu ulining'inia mpira mweusi.

— Tata, hiki ni nini?

— Mrija. Ule wa tete ulipasuka Jumapili, na wageni walikuwa wameshaketi.

— Ukakata kwenye gari?

— Niliuchungulia kwanza. Hauna mafuta, hauna maji. Nikajua ni wa ziada. Na tundu nikaliziba, mimi si mharibifu.

— Ulikuwa na kazi ya hewa, Tata.

— Hewa ipo kila mahali, waitu, mwanangu.

— Na rubisi ilikuwaje? Datius akauliza kwa adabu.

— Ilinuka mpira.

Hakuna aliyecheka mpaka mshenga alipoanza. Mzee Apolinary akaingia ndani mwenyewe, akarudi na kahawa za kutafuna, za kukaribishia wageni. Akamwanzia Datius.

— Wazee wenu waje Jumapili, nitawapa binti. Ila waje kwa miguu. Na kila mtu aje na mrija wake.