Maneno Aliyotumwa Editha

Kila Alhamisi, baada ya kuosha vyombo, Editha alichukua simu ya mama na kumpigia baba yake. Wazazi wake walikuwa wametengana miaka miwili iliyopita. Mama, Jenifa, alipanga chumba Singida Mjini. Baba, Nathanaeli, alibaki Iguguno na shamba lake la alizeti. Walikubaliana kwa mdomo tu kwamba Editha atakwenda kwa baba Ijumaa, kila baada ya wiki mbili. Tangu hapo hawakusemeshana. Wakiwa na neno walimtuma mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Alhamisi moja baba alisema, "Mwambie mama yako kesho usije. Naenda Nduguti, shangazi yako anaumwa. Utakuja wiki ijayo."

Editha alifikisha ujumbe. Mama akasonya.

"Wiki ijayo tuna harusi ya mjomba wako. Mwambie haiwezekani. Kila siku yeye tu!"

Editha alitoka nje na simu. Alikuwa amechoka kubeba hasira za watu wazima. Akamwambia baba, "Mama amekubali." Kisha akarudi ndani akasema, "Baba amesema niende kesho kama kawaida." Hakuna aliyegomba jioni ile. Ya kesho Editha hakuyafikiria.

Ijumaa alishuka Iguguno na begi lake, akakuta mlango wa baba una kufuli. Upepo wa Juni ulikuwa mkali. Alikaa kizingitini akitetemeka mpaka jirani, Mama Alute, aliyekuwa akipiga alizeti kwenye turubai, alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We Editha, baba yako si yuko Nduguti? Umekuja kwa nani?"

Mama Alute akawapigia simu wazazi wote wawili. Kabla jua halijazama mama alifika kwa bodaboda, na baba naye nyuma yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Editha aliwaona wamesimama pamoja. Aliwahi kuiota siku hiyo mara nyingi, lakini si hivi.

"Umemwacha mwanangu nje kama mbuzi!" mama alifoka. "Hakanyagi hapa tena!"

"Si wewe uliyekubali asije?"

"Nani? Mimi?"

Editha alijua kwamba akinyamaza atampoteza baba yake.

"Ni mimi," alisema akilia. "Niliwadanganya wote. Kila nikileta neno mnanigombeza mimi."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba akachutama mbele ya binti yake.

"Umekosea, mwanangu. Ungepatwa na baya hapa peke yako. Siku nyingine ukishindwa, sema umeshindwa."

Wakakubaliana palepale: wiki ijayo harusini, inayofuata kwa baba. Likitokea badiliko, watapigiana wenyewe.

"Mjumbe hauawi," mama alisema taratibu, "lakini sisi wetu tulikuwa tunamuua kidogokidogo. Ugomvi wa wakubwa si mzigo wa mtoto. Na wewe, Editha, sema ukweli hata kama utatuudhi. Hasira zetu zitapoa, ila wewe ukipotea hatuna mwingine."

"Kwa hiyo mtarudiana?"

Wazazi wake wakatazamana.

"Hapana, mwanangu," mama akajibu. "Tutaongea tu."

Huo nao ulikuwa ukweli, na Editha aliulilia njia nzima mpaka Singida.