Mgeni wa Upande Mweusi

Hodi ilisikika Jumamosi, jua likizama, na Tekla akajibu bila kuinua macho, "Karibu, pita ndani." Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeingia, ila pazia lililotenga kitanda chake na sehemu ya kukaa likapepea kidogo, na hapakuwa na upepo.

Jamani, nani hulaumiwa kwa kukaribisha mtu? Ukisikia hodi, mdomo unajibu wenyewe huku mikono ikiendelea na kazi. Na kazi ya Tekla jioni ile haikutaka mzaha. Alikuwa anasomea kompyuta kwa njia ya masafa, na mwalimu wake alitaka wanafunzi wote wawe na mfumo wa Linux. Yeye hakutaka kuuacha ule wa zamani, alitaka yote miwili ikae kwenye laptopu moja. Ilibidi kwanza aigawe diski. Sehemu ya zamani ipunguzwe, ibaki na vitu vyake, na sehemu nyingine iachwe tupu kuusubiri mfumo mpya. Kwenye skrini sehemu ya zamani ilichorwa kwa bluu. Ile aliyotoka kuikata, isiyo na jina wala kitu ndani yake, ilikuwa nyeusi.

Upande wa bluu ndiko alikokuwa mama yake.

Mama Recheli alizikwa Sikonge mwaka uliopita. Kabla mama hajafa, Tekla alikaa kando ya kitanda chake akamrekodi kwa simu: nyimbo za kwaya ya Kanisa la Moraviani, habari za mizinga ya nyuki ya babu, utani, hata kikohozi. Simu ile iliibwa sokoni. Zikabaki rekodi alizokuwa amezihamishia kwenye laptopu, basi, hakuna pengine. Rafiki yake Yoramu, fundi, alimwonya kwenye simu: "Toa nakala kwanza, dada. Ukigawa diski na umeme ukakatika, utalia." Lakini flashi yake ya pekee ilikuwa imebeba mfumo mpya, na Tekla alikuwa na haraka.

Umeme ulikatika dakika ile ile pazia lilipopepea. Betri ilikuwa mbovu, laptopu ikazimika. Tekla akasonya, akala kiporo, akalala.

Asubuhi aliamka bega la kulia likimuuma. Alipojitazama kwenye kioo aliona ngozi imechubuka, nyekundu, mahali ambapo mtu huegesha mzigo. Akadhani amelalia vibaya. Ila chumbani kulikuwa na harufu ya tumbaku mbichi, jasho na vumbi, harufu ya watu wengi, na yeye aliishi peke yake. Na pazia lilikuwa limesogea. Kitanda chake kilikuwa kimebanwa ukutani kabisa, na nyuma ya pazia, upande wa pili, palikuwa papana kuliko alivyopaacha.

Umeme ulikuwa umerudi, akawasha laptopu kabla ya kwenda kanisani. Mstari mweusi ulikuwa umerefuka. Ulikuwa umekula bluu mpaka karibu nusu, na hakuna diski inayojigawa yenyewe.

Moyo ukampasuka kwa hofu ya kumpoteza mama yake, si ya kitu kingine. Akafungua folda. Rekodi zilikuwepo. Haraka akazinakili kwenye simu yake mpya, akafungua moja, akasikiliza. Ilikuwa miguu. Miguu mitupu ya watu wengi ikitembea kwenye mchanga, na njuga ikilia mbele yao, chiki, chiki, chiki. Akafungua nyingine: miguu. Nyingine: miguu. Akarudi kwenye laptopu akicheza zile halisi, na huko ndiko sauti ya mama ilikotoka, nzima, tamu, ikimwamkia kwa lugha ya kwao, "Wangaluka, mwanangu," ikaanza kusimulia mizinga ya babu kama alivyoisimulia siku zote, mpaka pale pa kucheka, pale ambapo Tekla alipajua kwa moyo, na mama hakucheka, alishusha sauti kama mtu anayechelea kusikiwa chumba cha pili, akasema jambo ambalo hakulisema alipokuwa hai:

"Tekla, kuna mgeni huku. Nani amemkaribisha?"

Tekla hakujua alivyofika uani. Alijikuta ameshika mkono wa Bi Batuli, mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi Batuli. Bi Batuli, njoo. Njoo uone."

"Marahaba. Una nini, mbona midomo imekuwa myeupe?"

Alieleza kwa kukatakata. Bi Batuli alisikiliza hadithi ya diski bila kuelewa hata robo, lakini Tekla alipofika penye hodi ya magharibi, ungo ukamtoka mikononi, mchele ukatapakaa.

"Ulimjibu? Hukuuliza nani?"

"Nilidhani ni mtu wako."

"Ewe mtoto! Hujaambiwa hapa Isevya? Njia hii ya mbele ya nyumba ndiyo waliyopita watu wa misafara ya zamani kwenda Ujiji, na babu yangu alikuwa akiwapa watu pa kulala. Wengine wangali wanapita. Jua likizama, sisi hatuitikii hodi mpaka tuone uso." Akanong'ona, akitazama dirisha la Tekla. "Na wewe umemkaribisha ukiwa umemtengea pahali patupu, hapana mwenyewe, hapana jina. Ataondoka aende wapi?"

Alimwita Mwalimu Abasi wa madrasa, aliyekuja alasiri na kibuyu cha maji, ubani, na uso wa mtu aliyekatiziwa usingizi. Wala si kwamba alikuwa jasiri. Alisimama kizingitini kwa muda mrefu, akavuta harufu ile, akamwambia Bi Batuli polepole, "Huyu si wa peke yake." Kisha akaingia, kwa kuwa angefanyaje, ameshaitwa.

Pazia sasa lilikuwa limegusana na kitanda. Mwalimu alianza kusoma dua, na moshi wa ubani ukaelea vizuri mpaka kwenye pazia, ukagota pale, ukakataa kupita. Laptopu ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa. Hata hivyo spika zilianza kupumua. Pumzi moja, kisha nyingi, kisha kishindo cha vitu vizito vikitupwa chini upande wa pili wa pazia, kimoja baada ya kingine, mpaka sakafu ikatetemeka na vikombe vya Tekla vikagongana kabatini, na katikati ya kishindo kile bega lake likamshika ghafla, akapiga magoti, maana kitu kilikuwa kimekaa juu yake, kizito, chenye kamba zinazokata nyama, na alipojaribu kukisukuma mkono wake haukukuta kitu.

"Unataka nini?" Mwalimu aliuliza. "Umelala, umepumzika. Nenda zako."

Jibu lilitoka kwenye spika, sauti ya mwanamume, ya adabu kabisa.

"Tunaondoka leo. Mpagazi wangu alinifia njiani. Nipeni wa kubeba."

Bi Batuli alimkumbatia Tekla. "Huyu hapana! Huyu mpangaji wangu!"

"Nilikaribishwa," sauti ilisema. "Nipeni wa humu."

Mwalimu akajifuta jasho. Aliwahi kutoa majini wa vichwani, wa visimani, lakini huyu alikuwa mgeni mwenye haki yake, na mgeni wa namna hiyo hafukuzwi kwa fimbo, huagwa na hupewa anachostahili. Akamtazama Tekla kwa huruma. "Binti, kuna nani mwingine humo kwenye kompyuta alimoingia?"

Tekla alielewa, akaanza kulia kabla hajajibu. "Mama yangu. Sauti yake tu. Sina nyingine, Mwalimu. Sina kabisa."

Ndipo mama akasema, bila mtu kugusa chochote, kwa sauti ile ile ya kitandani iliyochoka: "Nitwishe mimi, mwanangu. Mtoto habebi nami nipo."

"Mama, hapana."

"Nitwishe, Tekla. Bega lako linatoka damu."

Lilikuwa linatoka kweli. Damu ilikuwa imelowesha mkono wa gauni. Tekla akajiburuta mpaka mezani, akachomeka waya na flashi, akaiwasha laptopu kwa mfumo mpya. Ukamuuliza, kama unavyouliza kila mtu: ukae pamoja na ule wa zamani, au ufute diski yote? Bluu ilikuwa imebaki ukanda mwembamba. Ndani ya ukanda ule ndimo mama alimobaki, na kuufuta ndiko kumkabidhi kwa mgeni. Mzigo ukazidi kumkandamiza mpaka kidevu kikagusa meza. Akachagua kufuta yote, akabonyeza.

Uzito ukaondoka. Nyuma ya pazia mizigo ikanyanyuliwa, njuga ikalia, na pumzi zile zikapita kando yao moja moja kuelekea mlangoni, kuku wa Bi Batuli wakitawanyika kwa kelele uani bila kuonekana kinachowakimbiza. Pazia likarudi mahali pake. Moshi wa ubani ukapita.

"Sasa nisikilizeni," Mwalimu alinong'ona. "Wakiwa njiani mama atamwita Tekla. Asiitike. Akiitika, wanarudi kumchukua na yeye."

Bi Batuli alimziba Tekla mdomo kwa upindo wa khanga. Miguu ilishika barabara ya magharibi, na juu ya miguu ulipanda wimbo wa kwaya, wimbo wa mama, lakini ukikatikakatika kama anavyoimba mtu aliyeelemewa. Ukafika kwenye kona. Ukakoma.

"Tekla!" mama aliita kutoka kule, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. "Tekla mwanangu, sikujua ni mzito hivi. Njoo unitue."

Tekla aliuma khanga mpaka meno yakakutana.

"Tekla, hunisikii?"

Aliita tena walipopita kona, na tena mbali zaidi, na kila mara alingoja kidogo kwanza, kumpa mwanawe nafasi ya kujibu.