Mtu wa Ghalani na Nyumba ya Balozi

Asubuhi ile Wakio alipepeta mahindi mlangoni kwake, karibu na Mto Voi, lakini macho yake hayakuwa kwenye ungo. Yalikuwa njiani. Mumewe, Josphat, mkata mkonge, hakwenda kazini. Aliketi mbele ya ghala lake, kisu mkononi, akichonga mpini usiohitaji kuchongwa.

Ndani ya ghala hilo, nyuma ya magunia, alijificha mtu.

Jina lake Tesfaye, fundi wa malori kutoka Ethiopia. Siku moja lori la mkonge lilipinduka likambana Josphat mguu. Wenzake walipiga kelele tu. Tesfaye, aliyekuwa hapo Voi akitengeneza lori la tajiri wake, alitambaa chini na jeki, akamtoa. Josphat alipopona alichinja mbuzi. Wakachanjana vifuani, wakala ini pamoja, kama Wataita walivyozoea kufanya na majirani zao. Tangu hapo walikuwa ndugu, na ndugu wa damu hatolewi kwa mtu.

Kisha Tesfaye akaenda Mombasa. Huko mkoba wake uliibwa, pamoja na pasi yake ya kusafiria. Tajiri wake akamwacha. Akarudi Voi kwa miguu, kwa ndugu pekee aliyekuwa naye nchi hii.

Siku zile zilikuwa za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Mwingereza. Mtu asiye na karatasi aliweza kutiwa kizuizini, na aliyemficha vilevile. Jana yake askari mmoja, Stephen, alikuwa amepita akiuliza kama kuna mgeni. Josphat akasema hakuna.

"Nikimkuta kwako, nitawafunga wote wawili," Stephen akamwambia.

Leo askari walikuwa wakipekua nyumba hadi nyumba, kutoka upande wa reli. Wakio alikuwa ameona ya kutosha. Alfajiri alikwenda kwa Bwana Miraj, mwenye duka, aliyezoea kufuata bidhaa Nairobi, akamweleza yote. Sasa Miraj huyo, kanzu imeshikwa mkononi isiguse vumbi, aliingia uani.

Josphat alimtazama mkewe kwa hasira.

"Usimgombeze," Miraj akasema. "Katika nyumba hii yeye ndiye aliyefikiri. Hebu niambie, bwana. Zamani mlipokula mbuzi na Wakamba, Mtaita akipatwa na shari kule kwao, alimwendea nani?"

"Ndugu yake wa kule. Huyo ndiye aliyemsemea."

"Basi na serikali zikipatana hufanya vivyo hivyo. Ethiopia na Mwingereza wamepatana. Ethiopia imeweka mtu wake Nairobi, balozi mdogo. Kazi yake ni kuwasemea watu wao walioko huku. Mmoja akipoteza pasi, balozi huhakikisha kwamba ni wao, akampa karatasi ya kurudia kwao. Lakini atamsaidiaje asiyemwona? Wewe umemficha hata wenziwe hawajui yu hai. Mpeleke mwenyewe kituoni kabla hawajamkuta, tuombe balozi ajulishwe."

"Nikimpeleka polisi nitakuwa nimekula kiapo nikakitapika."

"Kiapo kilikwambia umlinde. Hakikukwambia umfungie na panya."

Kelele za askari zilisikika nyumba ya tatu. Josphat akafungua ghala. Tesfaye alitoka, unga wa mahindi kwenye nywele, akamwona Miraj, akarudi nyuma.

"Unaniuza?"

Josphat akamshika mkono. "Tunakwenda kituoni pamoja," akasema. "Ukilala ndani, nami nitalala ndani."

Kituoni bwana mkubwa wa polisi alifoka. Miraj hakupandisha sauti. Aliomba balozi wa mtu huyu ajulishwe, kisha akaenda stesheni kumpelekea balozi simu ya maandishi. Tesfaye akafungiwa. Josphat aliketi kwenye benchi la nje, akakataa kuondoka. Wakio alimletea chakula, naye akakigawa kupitia dirisha la nondo.

Majibu ya simu yalikawia. Kila gari la moshi lilipopita, Josphat alidhani ndilo litakalompeleka ndugu yake kizuizini. Mwishowe akaja mjumbe wa balozi. Alizungumza na Tesfaye kwa lugha yao, akamuuliza majina ya kijiji chake na wazazi wake, na Tesfaye, ambaye ghalani hakulia, akalia. Ikaandikwa karatasi ya safari. Polisi wakamfungulia. Josphat akaonywa vikali, akaachwa.

Stesheni, ndugu wawili walikumbatiana. Treni ilipoondoka, Stephen alimsogelea Josphat.

"Nilikuuliza kama una mgeni. Ukanidanganya."

"Nilikudanganya," Josphat akajibu. "Nilidhani ndugu yangu ana nyumba moja tu ya kumkinga nchi hii, nayo ni ghala langu."