Jiwe la Msiro la Njia ya Pundanhar

Mimi si mtu wa kutapikatapika ovyo. Matumbo ya samaki nimeyatoa tangu utoto. Lakini hili la mdogo wangu Zuleica, hadi leo nikilitaja mate hunijaa mdomoni. Ptu!

Kulikucha vizuri tu siku ile. Lori la wazungu waliotoka Cape Town, wakienda Cairo kwa barabara, lilipita kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, likatuchukua: mimi mpishi, Zuleica mkalimani. Kiongozi wao alimwambia akifanya kazi vizuri mpaka mto Ruvuma, wataendelea naye hadi Cairo. Basi mtoto halali, hali, ni Cairo tu!

Njia ya Pundanhar lori likazama topeni. Wazungu wakashika sepetu. Zuleica akatoa kijiti chake cha msiro, asage ajipake usoni apendeze. Jiwe la kusagia kalisahau nyumbani.

Kando palikuwa na nyumba iliyohamwa. Akaingia, akatoka na jiwe.

"Umelikuta limekaaje?" nikamuuliza.

"Kifudifudi, dada."

"Lirudishe! Jiwe la msiro likigeuzwa hivyo, mwenyewe kafa. Haliguswi na mwingine."

"Dada nawe! Jiwe si jiwe tu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akasaga, akajipaka.

Harufu ilinifikia kabla hajamaliza. Kamba waliooza. Msiro ukakauka, ukakataa kutoka kwa maji. Akaanza kujikuna. Ukucha ukaingia chini ya taya. Akavuta.

Ikaja nzima. Laini, mbichi, inateleza kama utandu wa maziwa ya moto. Ina nyusi za mvi. Ina vindevu kidevuni. Ngozi ya uso wa kikongwe, inaning'inia mkononi mwa mdogo wangu! Nilitapika palepale.

Chini yake uso wa Zuleica ulikuwa salama, ila msiro mwingine ulishaanza kuchuruzika juu yake. Akabandua tena. Kikongwe yuleyule.

"Dada," akaninong'oneza, "wasinione. Cairo nitaikosa."

Wakamwona. Walipolitoa lori walitushushia mabegi yetu, wakaondoka. Hermínio dereva, mtu wa kwetu kabisa, hata kuaga hakuaga. Jiwe nililirudisha mwenyewe, kifudifudi. Haikusaidia kitu.

Hapa nyumbani akajifungia chumbani, kajigubika kanga. Kila asubuhi hunisukumia mlangoni beseni la ngozi alizobandua, nami huenda kuzifukia uani, pua nimeziba, nzi wananifuata. Shehe kasoma mpaka kachoka.

Leo nimelipokea beseni, nikafunua kitambaa. Hakuna mvi. Ngozi changa. Ina kovu juu ya jicho, pale Zuleica alipoangukia kinu akiwa mdogo, nikambeba mimi mgongoni hadi hospitali.

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, umekunjamana.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona, "mimi nimemaliza. Nipikie uji."

Nimekaa uani, beseni mapajani. Hii sijaifukia.