Mteja Aliyekuja Kufumuliwa

Umbea ninao, sikatai. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa nimekaa palepale, kikombe cha chai mkononi.

Mtoto wa marehemu dada yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja: kioo, kiti cha kuzunguka, benchi la wateja, na mimi. Naenda pale kusikia nani kaachwa na nani kaolewa. Yeye, mikono ikipata nafasi, huandika hadithi kwenye simu na kuwarushia wasomaji wake. Nyingi anazichota kwenye zile nilizomsimulia utotoni ili alale.

Kulikuwa na moja aliichukia. Bibi harusi anaolewa na kijana mtanashati mwenye nywele ndefu. Anakatazwa kumgusa kisogo. Anagusa, anakuta mdomo wa pili, anamezwa. Imekwisha, lala.

"Yaani amezwe tu, mama mdogo?" alikuwa akiniuliza, kadogo, kamekunja uso. "Kwani hana mikono?"

Basi mwaka huu akaiandika upya. Bibi harusi wake ni msusi. Mume akisinzia, anaushona ule mdomo kwa uzi mweusi, anamsukia nywele juu yake, kisha anajiendea zake sokoni. Wasomaji walicheka hao!

Kesho yake, jua la utosini, akaingia mteja wa kiume. Mrefu, viatu vinang'aa, nywele zimesukwa kwa kubanwa. Hata mimi na meno yangu matatu nilijikuta narekebisha kilemba.

"Nifumue," akasema.

Mwanangu akamfunga taulo shingoni, akaanza kufumua. Mie nikaendelea na habari za jirani na yule fundi bomba wake. Nilipofika patamu, nikaona hanisikilizi. Mkono wake umeganda kisogoni kwa mteja.

Chini ya nywele palikuwa na mshono. Uzi mweusi. Umepita kwenye ngozi.

"Na huo pia," sauti ikanong'ona. "Rudisha hadithi ilivyokuwa."

Nikatazama kiooni. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Nani kakushona hivi, kaka?" mwanangu akauliza.

"Wewe. Nina njaa tangu uandike."

Mkono wa yule mtu ukarudi nyuma, ukamkamata mwanangu kifundo cha mkono. Uzi ukakatika. Ta! Mwingine. Kwenye upenyo nikaona jino.

Ningekimbia. Ila kusema kweli, nilitaka kuona mwisho.

Mwanangu hakupiga kelele. "Mwisho ule nimeuandika mimi," akanong'ona. "Sifumui. Mama mdogo, shika kichwa."

"Mimi?"

"Kwani huna mikono?"

Nikashika. Baridi, kama sufuria lililolala nje. Kwa mkono uliobaki huru akachukua ile sindano iliyopinda, ya kushonea nywele za bandia, uzi ukiwa tayari umo. Akashona. Kinywa kikauma taulo. Kikavuta. Akashona. Halafu kikasema kwa sauti ya dada yangu, ileile, na kikohozi chake:

"Mwanangu, inatosha."

Sindano ikasimama.

"Mama yangu," akasema mwanangu, "hakunifundisha kuacha kazi nusu."

Akavuta uzi. Akapiga fundo. Kimya.

Yule mtu akainuka, akatoka. Kiti kikabaki kinazunguka. Muuza viatu aliyekaa mlangoni kutwa nzima anaapa hakuona mtu akiingia wala kutoka.

Lile taulo tumelifua, tumelianika juani. Halikauki. Katikati lina duara la alama za meno, madogo, mengi kuliko ya binadamu. Majirani wanasema tulichome, na hadithi ifutwe. Thubutu! Taulo tumelitundika mlangoni, yule mteja alione. Hadithi ipo, na bibi harusi bado yuko sokoni anachagua nyanya.

Jana tulikuta upindo wa taulo umetafunwa. Mwanangu akasonya, akatunga uzi kwenye sindano, akaniambia nimsogezee kiti cha mteja.